Nani Abadilishe Nywila? Kutoka MIT hadi Nachingwea na Ruangwa

Kila mwezi, zahanati na vituo vya afya vya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi kusini mwa Tanzania, hujumlisha vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya: waliotibiwa, waliojifungua, watoto waliochanjwa. Jumla hizo hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Anayeziingiza huanza kwa kuandika jina lake na nywila yake, na kuanzia hapo mfumo unaweka kumbukumbu: nani aliingiza tarakimu ipi, nani aliibadili, na saa ngapi. Nywila hiyo ikijulikana na watu watatu, kumbukumbu yote hiyo haimthibitishi mtu yeyote.

Ndiyo maana jambo linaloonekana dogo, yaani nani anaweza kubadili nywila, kwa njia gani, na akiwa wapi, limewashughulisha wanasayansi wa kompyuta kwa zaidi ya miaka 60. Karibu kila hatua ya historia hiyo ilisukumwa na madhara yaliyokwisha kutokea.

Kompyuta moja, watu wengi: 1961–1968

Novemba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata Uhuru, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha mfumo waliouita CTSS. Kabla ya hapo kompyuta ilimhudumia mtu mmoja kwa wakati, na wengine walisubiri zamu na kadi zao mkononi. CTSS iliwagawia watu wengi mashine moja kwa vipande vidogo sana vya muda, hata kila mmoja akajiona yuko nayo peke yake. Kila mtu alikuwa na mafaili yake na mgao wake wa saa, hivyo mashine ilipaswa kumtambua. Njia rahisi iliyopatikana ilikuwa neno la siri, yaani nywila.

Haukupita muda hila ikaingia. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, alikuwa na mgao wa saa nne kwa wiki na haukumtosha. Aliomba, kwa kadi iliyotobolewa, faili la maneno ya siri lichapishwe. Ijumaa usiku akapeleka kadi, Jumamosi asubuhi akachukua karatasi zake. Maneno ya watumiaji wote yalikuwa yameandikwa humo wazi, na Scherr akaanza kutumia saa za wenzake. Alikuja kulisimulia hilo miaka mingi baadaye.

Mwaka 1966 mambo yaliharibika bila hila ya mtu. Wasimamizi wawili wa CTSS walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja: mmoja tangazo la siku, mwingine orodha ya maneno ya siri. Programu ya kuhariri ikayachanganya. Kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya maneno ya siri ya watu wote mahali ambapo tangazo lilipaswa kuwa.

Tatizo lilikuwa wazi: neno la siri lililohifadhiwa kama lilivyo linasubiri siku ya kumwagika. Huko Cambridge, Uingereza, Roger Needham na wenzake walipata dawa yake katika muongo huohuo. Kompyuta isilihifadhi neno lenyewe, bali matokeo ya kulikokotoa kwa kanuni isiyorudi nyuma. Mtu akiandika neno lake, mashine inalikokotoa upya na kulinganisha matokeo. Atakayeiba faili atapata matokeo tu, si maneno.

Programu iliyokopeshwa mamlaka: 1969–1979

Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs, New Jersey, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Orodha ya watumiaji iliwekwa katika faili moja la kawaida, /etc/passwd, ambalo lipo hadi leo katika kila seva ya Linux. Kila mtumiaji ana mstari mmoja, na nukta mbili hugawa mstari huo katika sehemu saba: jina la kuingilia, nywila iliyokokotolewa, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo ya mtu mwenyewe, mahali mafaili yake yanapokaa, na programu itakayomhudumia akishaingia. Faili lilisomeka na kila mtu, kwa kuwa programu nyingi zilihitaji kujua namba fulani ni ya nani. Kuliandika upya, hata hivyo, ilikuwa kazi ya msimamizi mkuu peke yake, yule anayeitwa root.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Mtumiaji wa kawaida atabadilije nywila yake iwapo iko ndani ya faili asiloruhusiwa kuligusa? Kumpa kila mtu ruhusa ya kuliandika ni sawa na kutokuwa na nywila kabisa. Kumpeleka kila mtu kwa msimamizi kunamfanya msimamizi azijue siri za wote, na wavivu hawatakwenda kamwe.

Jawabu la Ritchie, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni miongoni mwa mambo bora kabisa yaliyowahi kubuniwa katika fani hii. Programu yenyewe ikopeshwe mamlaka. Mtumiaji akiandika amri ya passwd, programu hiyo hufanya kazi kwa nguvu za root, lakini kwa shughuli moja tu: kugusa mstari wa mtu aliyeiita. Huanza kwa kumuuliza nywila ya zamani, asije mpita njia akaikuta mashine imeachwa wazi na kumfungia mwenyewe nje. Kisha huuliza mpya mara mbili, kwa sababu herufi hazionekani kwenye kioo na kidole hukosea. Ritchie alipewa hataza ya Marekani kwa wazo hilo mwaka 1979. Tangu hapo mtu aliweza kubadili siri yake mwenyewe, saa yoyote, bila kumwomba wala kumwambia mtu.

Watu waliutumiaje uhuru huo? Mwaka huohuo wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nywila 3,289 walizozikusanya. Kumi na tano zilikuwa herufi moja tu. Nyingine 72 zilikuwa herufi mbili, na 464 herufi tatu. Ukijumlisha fupi zote na zile zilizopatikana katika kamusi na orodha za majina, 2,831 zilikuwa rahisi kukisiwa, yaani asilimia 86. Waandishi hao walieleza pia walivyoifanya kazi ya kukisia iwe nzito: kanuni ya kukokotoa ilirudiwa mara 25, na kila nywila ikachanganywa na namba ya nasibu, ambayo mafundi huiita chumvi, yenye uwezekano 4,096. Kwa chumvi hiyo, watu wawili wenye nywila moja hawakuwa tena na maandishi yanayofanana ndani ya faili.

Kusini kabla ya kompyuta: 1947–2003

Wakati hayo yanatokea, Nachingwea ilikuwa na historia nyingine kabisa. Mji ulikua kwa haraka kutokana na mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo ilifungwa mwaka 1962. Kisha ikaja kambi ya Frelimo, ambako wapiganaji wa Msumbiji walifundishwa hadi nchi yao ikapata uhuru mwaka 1975.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa baadaye wa kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta ulikwenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa taratibu katika miaka ya 1980. Kwa hiyo miaka ileile ambayo Unix ilienea katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya, milango ya Tanzania ilikuwa imefungwa, na wataalamu waliofahamu mifumo ya aina hiyo walibaki wachache kwa muda mrefu.

Ongeza umbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Lindi kutoka Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Mto Rufiji, na wakati wa masika magari yalikwama siku kwa siku. Kitu chochote kilichomtaka mtumishi wa Nachingwea au Ruangwa aende makao makuu kilikuwa kazi ya wiki nzima. Mazoea ya kazi yaliyojengwa na umbali huo yaliendelea kuwepo hata nyaya zilipofika.

Mashine nyingi, nywila moja: 1985–1999

Katikati ya miaka ya 1980 ofisi na vyuo vya nchi tajiri vilianza kununua kompyuta ndogondogo za Unix na kuziunganisha. Kila moja ilikuja na /etc/passwd yake. Mtu aliyebadili nywila kwenye mashine ya mezani kwake aligundua kwamba mashine ya chumba cha pili bado inadai ile ya zamani. Katika maabara ya mashine 40, kumwondoa mfanyakazi aliyeacha kazi kulimaanisha kuzipitia zote 40, na ile iliyosahauliwa ilibaki mlango wazi.

Kampuni ya Sun Microsystems ilitoa jibu mwaka 1985 kwa mfumo ulioitwa Yellow Pages, jina ambalo baadaye liliachwa kwa sababu lilikuwa alama ya biashara ya British Telecom, ukaitwa NIS. Orodha ya watumiaji iliwekwa katika seva moja kuu, na mashine nyingine zikawa zinaiuliza. Amri ya passwd ikapata ndugu yake, yppasswd. Mtumiaji aliyekaa mashine yoyote aliandika amri hiyo, ombi likasafiri kwenye waya hadi seva kuu, seva ikahakiki nywila ya zamani, ikaandika mpya, kisha ikasambaza nakala kwa seva saidizi.

Urahisi huo ulikuwa na bei yake. Nywila ya zamani ilisafiri kwenye waya kama ilivyo, bila kusimbwa, hivyo aliyekuwa akisikiliza mtandao aliinasa. Tena mashine yoyote iliyojiunga na mtandao iliweza kuomba orodha nzima ya nywila zilizokokotolewa na kwenda kuzikisia kwa utulivu mahali pengine. Tatizo la Ritchie la miaka ya 1970 lilikuwa limetatuliwa ndani ya mashine moja, na sasa lilirudi likiwa limetandaa kwenye waya.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988 dunia ililiona. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell na mtoto wa Robert Morris yuleyule wa utafiti wa 1979, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti. Moja ya njia zake ilikuwa kusoma faili la nywila na kujaribu majina ya watumiaji wenyewe pamoja na orodha ya maneno 432. Makadirio yaliyotajwa sana ni mashine 6,000 zilizoathirika, takriban sehemu moja ya kumi ya intaneti ya wakati huo. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 1990.

Baada ya hapo mabadiliko yalifuatana haraka. Nywila zilizokokotolewa ziliondolewa kwenye faili linalosomwa na wote na kuwekwa kwenye faili la kivuli ambalo root peke yake analisoma. Programu ya kufanya hivyo ilikuwa imeandikwa mwaka 1987 na Julianne Haugh. MIT ilitoa Kerberos, ambamo nywila haipiti kabisa kwenye waya: mtumiaji hupewa tiketi ya muda baada ya kuthibitisha kwamba anaijua. Mwaka 1995, baada ya mtu kunasa nywila katika mtandao wa chuo chake huko Helsinki, Tatu Ylönen aliandika SSH, na leo wasimamizi wengi wa seva duniani huingia kazini kupitia programu hiyo. Na mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières waliutengenezea mfumo wa OpenBSD kanuni ya bcrypt, ambayo uzito wake unaweza kuongezwa kadiri kompyuta za wezi zinavyopata kasi.

Nyaya zinafika: 1995–2012

Tanzania ilipewa kikoa chake cha .tz mwaka 1995. Kwa miaka mingi iliyofuata intaneti ilikuwa jambo la Dar es Salaam, vyuo vikuu na wafadhili, tena kwa njia ya setilaiti yenye gharama kubwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009, na serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa nyaya za nuru kwenda mikoani. Mwaka 2012 ukaundwa Wakala wa Serikali Mtandao, uliofanywa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019.

Utaratibu uliojengwa ulikuwa wa seva chache za katikati na maelfu ya watumiaji wilayani. Kimsingi ni wazo lilelile la Sun la 1985, isipokuwa umbali kati ya mtumiaji na seva kuu sasa ni mamia ya kilomita.

Halmashauri zinaingia mtandaoni: 2013–2019

Kufikia mwaka 2013 DHIS2 ilikuwa imefika mikoa yote ya Tanzania Bara. Programu hiyo ilikuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa kawaida huendeshwa kwenye seva za Linux. Nywila za watumiaji wake hukokotolewa kwa bcrypt. Kwa hiyo nywila ya mtumishi wa takwimu wa Nachingwea inalindwa kwa kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya OpenBSD, mmoja wa wajukuu wa Unix.

Ulinzi huo ni imara ndani ya seva. Nje ya seva mambo ni tofauti. Zahanati ya kijijini inaweza kuwa na wahudumu wawili au watatu, wakipokezana zamu za leba na chanjo. Katika mazingira hayo, aliyesahau nywila anahitaji mtu wa kumrejesha, na mtu huyo yuko wilayani, mkoani au Dodoma, pengine yuko kwenye kikao. Taarifa ya mwezi ina tarehe ya mwisho. Njia fupi inajulikana na kila mtumishi wa umma: omba ya mwenzako. Kesho yake nywila imebandikwa ukutani au imeandikwa nyuma ya daftari, na haibadilishwi tena kwa sababu kuibadili kutawafungia wengine.

Kuwalaumu wahudumu hao ni kukosea shabaha. Mfumo unaomnyima mtu njia ya haraka ya kubadili siri yake mwenyewe unamfundisha kuigawa.

Septemba 2017 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia Mbunge wa Ruangwa, alizindua mjini Dodoma mfumo wa mipango na bajeti wa PlanRep ulioboreshwa pamoja na FFARS, mfumo wa hesabu wa vituo vya kutolea huduma. Hapo nywila ikagusa fedha moja kwa moja. Shule za msingi na zahanati ambazo awali hesabu zake zilikaa kwenye leja zikawa na akaunti za mtandaoni, wakati fedha za mfuko wa pamoja wa afya zikianza kupelekwa moja kwa moja vituoni. Nywila iliyogawanywa kwenye takwimu za chanjo huleta mkanganyiko. Kwenye malipo, huleta hasara isiyo na mwenyewe. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia kutaja udhibiti dhaifu wa mifumo ya halmashauri nchini, zikiwemo mashine za kukusanyia mapato zilizokuwa hazipo hewani.

Sheria nayo ilikuwa imetangulia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilifanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai.

Kanuni ya siku 90: 2003–2019

Kuna desturi moja iliyowachosha watumishi kote duniani: kulazimishwa kubadili nywila kila baada ya muda mfupi, mara nyingi siku 90, na kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama. Iliimarishwa na mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr. Matokeo yake yalikuwa watu kuongeza tarakimu mwishoni: 1, kisha 2, kisha 3. Mwaka 2017 NIST iliachana na ushauri huo: nywila iwe ndefu, ilinganishwe na orodha ya zilizokwisha kuvuja, na ibadilishwe pale kunapokuwa na dalili kwamba imejulikana. Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anayajutia mengi aliyoyaandika.

Mfano wa nywila ngumu kukisia ulionekana mwaka 2019: nywila ya zamani ya Ken Thompson, iliyokuwa katika faili la Unix la miaka iliyopita, ilivunjwa hatimaye. Ilikuwa p/q2-q4!, hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji. Wadadisi walikuwa wamehangaika nayo kwa miaka, na kompyuta ya kisasa ilitumia siku kadhaa kuipata. Nywila nyingine za enzi hiyo zilianguka mapema zaidi.

Laini ya simu kama ufunguo wa akiba: kuanzia 2019

Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa usalama wa simu, lakini usajili huo uligusa pia suala la nywila. Laini iliyofungamanishwa na kitambulisho ikawa kitu ambacho mifumo inaweza kukiamini: aliyesahau nywila hutumiwa namba ya uthibitisho kwa simu au barua pepe, akajibadilishia mwenyewe akiwa Mnero au Mandawa, bila kumpigia mtu. Kwa wilaya mbili ambazo kwa miaka mingi zilikuwa mbali na kila ofisi kubwa, hiyo ni hatua iliyokuwa ikisubiriwa.

Hatua hiyo ilijaribiwa kwa upana mwaka 2023, mfumo wa tathmini ya watumishi wa PEPMIS ulipochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Kila mtumishi wa umma, mwalimu wa shule ya kijijini akiwemo, alitakiwa kuwa na akaunti yake na kuijaza mwenyewe. Mwaka huohuo, Mei 1, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika, ikiwawajibisha wote wanaoshika taarifa za watu kuzilinda.

Kisha nywila ikafika hadi sokoni: msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kabla ya hapo wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, wakazitumbukiza katika sanduku la zabuni, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Sasa bei huingizwa na mnunuzi kupitia akaunti yake, na mkulima anayehudhuria mnada huiona kwenye skrini. Bei ya gunia la korosho za Nachingwea inaweza kutolewa na mtu aliyekaa Dar es Salaam au nje ya nchi, na kinachothibitisha kwamba ni yeye aliyeitoa ni akaunti hiyo na nywila aliyoiwekea.